Motokari ya Mfalme, Nani Ataisimamisha?

Ndugu mtumikaji, leo tuache kidogo kofia na viatu vya kazi, tuzungumze juu ya motokari. Si zile unazoziona asubuhi mlangoni pa kiwanda. Tunataka kusema juu ya motokari za matajiri wa zamani, zile ambazo siku hizi zinatunzwa katika majumba ya makumbusho kama mataji ya wafalme. Usifikiri kwamba ukurasa wetu umepotea njia. Soma mpaka chini, utaona tuko nyumbani.

Huko Ufaransa, katika mji wa Mulhouse, kuna jumba kubwa la motokari za zamani. Ndani yake utakuta Bugatti Royale, ile inayoitwa Coupé Napoléon. Urefu wake unapita mita 6. Uzito wake unapita tani 3. Motere yake ina silinda 8 katika mstari mmoja, na ukubwa wake ni karibu lita 13, wakati motokari nyingi unazozijua zinatosheka na lita moja na nusu au mbili. Bwana Ettore Bugatti alikusudia kujenga 25, aziuze kwa wafalme. Lakini mwaka 1929 shida kubwa ya fedha ikaingia ulimwenguni, nao wafalme wakafunga mifuko. Zilijengwa 7 tu pamoja na ile ya majaribio, na waliozinunua walikuwa watu 3, hata mfalme mmoja hakuwamo. Tangu mwaka 1933 motere za aina ile zikatiwa ndani ya magari ya reli, zikavuta abiria kwa miaka mingi. Hapo walau hazikupotea bure.

Sasa tukuulize. Mbele ya motokari ya namna hiyo kila mtu anasifu taa, anasifu ngozi ya viti, anataka kifuniko cha motere kifunguliwe. Nani anayeinama kutazama freni?

Ukiinama, utakuta kamba za chuma. Pedali inavuta kamba, kamba zinavuta viatu vya freni ndani ya ngoma za magurudumu, basi. Hakuna kitu cha kuusaidia mguu wa shofa. Tani 3 za chuma zinasimamishwa na nguvu za paja la mtu mmoja. Katika motokari zake za kawaida pia, Bugatti alizishikilia kamba hizo mpaka karibu mwaka 1938, wakati wengine walikuwa wamekwisha kuziacha.

Fanya hesabu pamoja nasi. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ambayo freni zinapashwa kuimeza haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Chukua motokari ya leo yenye freni nzuri, mipira mizuri, njia kavu. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, tangu freni zinaposhika mpaka kusimama inakula kama mita 14. Kwa kilometa 100 inakula kama mita 55. Tena kabla ya freni kushika, jicho linapashwa kuona na mguu kusogea: ukihesabu sekunde moja tu, umekwisha kupita mita 28 bila kupunguza chochote. Na nguvu hiyo yote haipotei, inageuka kuwa moto ndani ya ngoma. Ndiyo sababu shofa anayeshuka mlima mrefu kwa freni peke yake anafika chini na ngoma zinazonuka, na pedali isiyosikia tena. Anayejua kazi anarudisha vitesi chini kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mlima.

Na macho yakifunga je? Hiyo haina hesabu ya freni. Bwana Bugatti mwenyewe, akirudi Alsace kutoka Paris mwanzoni mwa miaka ya 1930, alishikwa na usingizi kwenye volani ya Royale ya kwanza, akaivunja. Yeye alipona. Ile unayoionea Mulhouse ndiyo inayobeba namba ya ile iliyovunjika, na sura yake mpya ilichorwa na mwana wake Jean. Jean naye akafa mwaka 1939, akiwa na miaka 30, alipokuwa akijaribu motokari ya mashindano karibu na kiwanda chao: alitaka kumwepuka mtu wa baisikeli, akagonga mti. Ninyi mnaotoka kazi ya usiku mkiwa na njia ndefu ya kurudi nyumbani, tunadhani hatuna lazima ya kueleza zaidi.

Lakini tusimhukumu Bugatti peke yake. Mpaka kufika miaka ya 1920 motokari nyingi, hata za bei kali, zilikuwa na freni kwa magurudumu ya nyuma tu. Mafundi waliogopa kwamba freni za mbele zitaipindua motokari au kuitupa pembeni. Kumbe mambo ni kinyume. Simama ndani ya kamyo inayopunguza mwendo ghafula, utaona mwili wako unakwenda mbele. Uzito wa motokari nao unakwenda mbele vilevile. Magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi na kuteleza, na yale ya mbele ndiyo yanayoshika udongo. Kufunga freni nyuma peke yake ni kumpa kazi yule ambaye amekwisha kuachia mzigo.

Aliyetengeneza jambo hilo vizuri kuliko wengine ni Mswisi mmoja, Marc Birkigt, fundi mkuu wa Hispano-Suiza. Wakati wa vita ya 1914-1918 alikuwa amejenga motere za ndege, na yule korongo anayeruka juu ya rejeta ya Hispano ni alama ya kikosi cha ndege cha Wafaransa cha wakati ule. Mwaka 1919 alionyesha mjini Paris motokari iliyoitwa H6: motere ya aluminiyumu, silinda 6, nguvu za farasi 135. Watu wakasifu motere. Sisi tunasifu kitu kilichofichwa pembeni mwa sanduku la vitesi, yaani ngoma ndogo inayozungushwa na mwendo wa motokari yenyewe. Shofa akikanyaga pedali, viatu vinashika ngoma ile. Ngoma, kwa kuwa inazunguka, inavikokota pamoja nayo. Na mkokoto ule ndio unaovuta freni za magurudumu yote manne. Umeelewa? Ile nguvu inayokupeleka kwenye hatari ndiyo inayofanya kazi ya kukusimamisha. Mguu unatoa amri tu. Ni akili kubwa ambayo haina hata kipande kimoja cha dhahabu, na Waingereza wa Rolls-Royce, watu wasiopenda kuomba, walikwenda kununua haki ya kuitumia.

Ng'ambo ya bahari, Fred Duesenberg alifuata njia nyingine. Alikuwa mzaliwa wa Ujerumani, akakulia Marekani. Tangu mwaka 1921 motokari zake za kuuza zilikuwa na freni za maji kwa magurudumu manne: pedali inasukuma maji katika mifereji myembamba, na kila gurudumu linapata msukumo ulio sawa, bila kamba inayolegea upande mmoja na kuvuta motokari mtaroni. Ndizo freni ambazo wazazi wa freni zetu. Zina ugonjwa wao. Mfereji mmoja ukipasuka katika motokari za wakati ule, freni zote nne zilikwisha. Siku hizi mifereji imegawanywa mara mbili kwa ajili hiyo. Maji ya freni yakikaa miaka mingi yanakunywa unyevu wa hewa, kisha kwa moto wa mlima yanachemka, na pedali inazama mpaka chini. Ukiona pedali inakuwa laini kama sifongo, usiipige-pige tu na kuondoka. Ipeleke motokari kwa fundi.

Mwaka 1928 Duesenberg akatoa ile J, nguvu za farasi 265, jambo ambalo hakuna motokari nyingine ya Marekani iliyoweza kulikaribia. Ilikuwa na freni bora za wakati wake. Tarehe 2 Julai 1932 yeye mwenyewe alikuwa akiendesha moja ya motokari zake katika milima ya Pennsylvania. Njia ilikuwa na maji. Motokari ikateleza. Siku 24 baadaye alikufa kwa ugonjwa wa mapafu uliomshika kitandani. Freni zinashika gurudumu, ndugu; kinachoshika njia ni mpira, tena kwa upana usiozidi kiganja. Wakati wa mvua, utazame mpira wako kabla ya kusifu freni zako.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka kwamba mji wa Butare huko Rwanda uliitwa Astrida mpaka mwaka 1962. Ni jina la Astrid, malkia wa Ubelgiji. Tarehe 29 Agosti 1935, huko Uswisi, mumewe mfalme Leopold III alikuwa amejishikia volani, na shofa wao amekaa nyuma. Motokari ilikuwa Packard mpya, yenye freni za maji. Inasimuliwa kwamba mfalme aligeuza macho kidogo kutazama karata ya njia mikononi mwa malkia. Motokari ikatoka njiani. Malkia akatupwa nje, akafa, na umri wake ulikuwa miaka 29. Mkanda wa kiti tunaoujua, ule unaopita kifuani na kiunoni, ulitoka kiwandani mwaka 1959 tu.

Tumebakiza jambo moja, nalo ni la afya. Ndani ya ngoma za motokari hizi zote kuna garnitiri, yaani ile ngozi ngumu inayobandikwa juu ya viatu vya freni. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ilifanywa kwa asbesto, ambayo wengine wanaiita amianti, kwa sababu haiogopi moto. Ikisuguliwa inatoa vumbi, na vumbi linabaki ndani ya ngoma. Nyuzi zake ni ndogo sana, jicho halizioni, na zikishuka katika mapafu hazitoki tena. Zinaleta kansa ya mapafu na ya ngozi inayofunika mapafu, mara nyingi baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati mtu amekwisha kusahau garaji. Kwa mvuta sigara hatari inazidi sana. Ufaransa iliikataza asbesto mwaka 1997. Lakini motokari na makamyo ya zamani hayajui sheria ile, wala masanduku ya vipande vilivyonunuliwa zamani.

Basi wewe unayetengeneza motokari ya shemeji siku ya Mungu nyuma ya nyumba: ukifungua ngoma, usipulize kwa upepo wa kompresa, usipige brosi kavu. Unajua sababu gani tunapitisha maji katika mashini ya kutoboa mawe. Fanya vivyo hivyo hapa: lowesha, futa kwa kitambaa chenye maji, kitie kitambaa ndani ya mfuko na uufunge. Watoto wasiwe karibu. Na nguo zako usizipeleke ndani zichanganywe na nguo za nyumba. Katika nchi zilizotumia asbesto wameonekana wanawake waliougua, ambao hawakuwahi kuingia kiwandani hata siku moja. Kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao.