Miguu ya Mtoto na Mipaka ya Madarasa

Mtoto wa miaka sita akaaye katika vitongoji vya Songwa, upande ule wa Kishapu ambako udongo mweusi wa mbuga hunata miguuni wakati wa mvua hata mtu mzima akalazimika kuvua viatu na kuvishika mkononi, hapimi masafa ya shule kwa kilomita kama tupimavyo sisi tuliopewa kazi ya kupanga majengo, bali huyapima kwa pumzi zake na kwa njaa yake. Kwa hiyo suala la madarasa gani yakae katika jengo gani, ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa ni shughuli ya makarani na ramani zao, kwangu mimi ni suala la insafu.

Katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, shule inapofurika, hususan penye rashi ya dhahabu ambapo familia huhamia kabla serikali haijapata hata kuzihesabu, desturi ni kuigawa shule moja kuwa mbili, A na B, kila moja na mwalimu mkuu wake, mara nyingi ndani ya kiwanja kile kile, na zote zikiwa na darasa la kwanza hadi la saba. Mgawanyo huu una manufaa yake kwa utawala, wala siudharau, lakini haumpunguzii mtoto hata hatua moja ya njia.

Iko njia nyingine inayogawa kwa umri, nayo ni shule shikizi. Wazazi wa kitongoji cha mbali, waliochoka kuwaona watoto wao wadogo wakirudi jioni hoi, huchangishana tofali na nguvu za mikono, wakasimamisha chumba kimoja au viwili, na humo hukaa watoto wa awali na wa madarasa ya chini, ilhali wakubwa, ambao miguu yao imekwisha kukomaa, huendelea kwenda ile shule kubwa ya mbali, iitwayo shule mama. Huu ndio mgawanyo wenye hekima, kwa kuwa umeanza na udhaifu wa mdogo, nao haukuwa tunda la kitabu chochote cha kigeni. Serikali yenyewe iliukubali kwa vitendo ilipopata mkopo wa kukabili UVIKO-19 mwaka 2021, kwani katika vyumba 15,000 vya madarasa vilivyopangwa kujengwa, 3,000 vilitengewa shule shikizi.

Lakini sharti tukumbuke yaliyopita. Wakati wa Mwingereza, shule ya kijijini ilifundisha darasa la kwanza hadi la nne, na darasa la tano hadi la nane likawa katika shule ya kati, ambayo ilikuwa mbali, yenye nafasi chache na aghalabu ya bweni. Na baina ya jengo hili na lile uliwekwa mtihani wa darasa la nne, ambao kwa watoto wengi mno wa Usukuma, kama kwingineko Tanganyika, ulikuwa ndio hatima ya elimu yao. Baada ya uhuru kizuizi hicho kiliondolewa, darasa la nane likafutwa, na miaka saba ikawekwa chini ya paa moja. Basi naikhofia shule shikizi kwa jambo hili moja tu, kwamba mtoto amalizaye pale, asipopokewa na shule mama kwa jina lake na kwa tarehe maalumu, atabaki nyumbani akichunga ng'ombe au akiponda mawe ya dhahabu, na ukuta ule wa zamani utakuwa umesimama tena pasipo mtu kuuamuru.

Hofu hiyo ya kumhamisha mtoto jengo si yetu peke yetu. Wachunguzi wawili, Rockoff na Lockwood, waliofuatilia wanafunzi wa New York, walibainisha mwaka 2010 kwamba watoto waliohamishiwa shule ya kati walishuka katika masomo kuliko wenzao waliobaki walipoanzia.

Sasa kuna jambo lililo karibu zaidi. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza elimu ya msingi katika darasa la sita mwaka 2027, pamoja na kaka na dada zao wa darasa la saba, na makundi yote mawili yatataka kidato cha kwanza mwaka 2028. Kenya, ilipokabiliwa na mageuzi yake ya mtaala, iliamua mwishoni mwa 2022 kwamba madarasa ya saba hadi ya tisa yakae ndani ya viwanja vya shule za msingi, na uamuzi huo uliwanusuru wadogo na safari ndefu, ijapokuwa uliwakosesha wengi maabara na walimu wa masomo maalumu.

Rai yangu kwa Songwa na jirani zake ni kwamba chumba cha darasa la saba, kitakachokuwa kitupu mwaka 2028, kisigeuzwe stoo wala ofisi ya pili ya mwalimu mkuu, bali palipo mbali na sekondari ya kata wakae humo kidato cha kwanza, na walimu wa sayansi waje kwao kwa zamu, kwani ni rahisi mwalimu mmoja kupanda pikipiki kuliko watoto arobaini na watano kuvuka mbuga ya matope.