Vipuli vya diski: sifa zaongezeka, malighafi yapungua

Wanaozunguka na Soko la Kimasai jijini Nairobi wanavijua vipuli vya santuri na vya CD. Hukaa meza moja na shanga, pembe na shaba, na wanunuzi hawakosi. Lisilosemwa ni kwamba fundi wake anaishi kwa mabaki ya bidhaa iliyokwisha kuachwa. Maduka ya filamu ya mitaani, yaliyokuwa yakitupa diski zilizokwaruzika kwa mafungu, yamemalizwa na simu, flashi na intaneti. Santuri nazo zimepanda bei kwa sababu wapenzi wa muziki wa zamani hulipa vizuri ile inayolia. Fundi anabakiwa na zilizovunjika, na ni haki: rumba isiyopatikana kwingine haifai kukatwa kuwa kipuli.

Mama mmoja mwenye meza sokoni humo anasema diski si mzigo wake mkubwa. Mzigo ni ndoano ya sikioni. Hutoka China, bei yake hufuata dola, na ile ya bei nafuu humwasha mteja, ambaye hurudi kudai pesa zake. Ada ya meza hulipwa mvua inyeshe isinyeshe. Kazi yenyewe haina haraka: CD ikikatwa kwa pupa hupasuka na utando wake wa alumini hubambuka, hivyo lazima kingo zipigwe msasa kisha zipakwe vanishi. Santuri hulainishwa kwa maji moto. Anayetumia moto wa wazi huvuta moshi wenye sumu. Baada ya jasho lote hilo, mtindo mpya huigwa na jirani kabla haujarudisha gharama. Semina amehudhuria, anasema, lakini hakuna iliyomletea mkopo wala ndoano bora.

Afisa mmoja wa biashara ana picha tofauti: mauzo ya mapambo nje ya nchi yanakua, na vipuli vya taka ni sehemu ya ukuaji huo. Sehemu kiasi gani? Anarejelea takwimu za forodha, fungu 7117. Fungu hilo hukusanya mapambo yote ya kuiga, hadi vifungo vya mikono ya shati. Haliwezi kumtenga fundi wa diski, wala halimwoni mtalii anayeondoka na jozi tatu mkobani.

Dai kwamba vipuli hivi huokoa mazingira nalo lipimwe. CD moja ina takriban gramu 15, kwa hiyo diski elfu moja ni kilo 15 tu, katika jiji linalozalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku. Thamani ya kazi hii iko mikononi mwa fundi, na hapo ndipo msaada ungeelekezwa.

Soko la Ulaya linatajwa sana. Huko kipuli cha sikio lililotobolewa hakiruhusiwi kuachia nikeli kufikia mikrogramu 0.2 kwa sentimita mraba kwa wiki, na gharama ya kupima si ya mtu wa juakali. Kuhusu malighafi, ofisi zikifungua makabati ya kumbukumbu zao za zamani zilizo kwenye CD, diski huenda zikatosha miaka kadhaa. Baadhi ya mafundi huenda wakageukia pembe na shaba, ambako ushindani tayari ni mkali.