Bahari Twaiogopa, Barabara Twaisahau

Kijana wa Homa Bay au Migori anayetamani ubaharia huliacha Ziwa Viktoria na kukata nchi hadi Mombasa, kilipo chuo cha mafunzo ya bahari cha Bandari. Mama humwomba Mola amwepushie mawimbi. Lakini huenda msiba ukamkuta kabla hajaiona bahari.

Hatujasahau. Tarehe 30 Machi 2023, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, walipatwa na ajali Naivasha wakienda michezoni Eldoret, kadhaa wakafariki. Tarehe 18 Machi 2024, wenzao 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walifariki Maungu, karibu na Voi, basi lao lilipogongana na lori wakija Mombasa. Misiba yote miwili ilitufika ndani ya Ramadhani.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Basi, ewe mama, unapomwandalia mwanao masurufu, uliza gari litaondoka saa ngapi na litaendeshwa na nani. Muusie afunge mkanda, na dereva akienda mbio asione haya kumkanya. Kisha umwombee dua.

Mola awape wafiwa subira, na awalinde wasafiri wetu. Amin.