Ukurasa wa Mbele Si Gazeti

Swali ni lile lile, na sasa naulizwa hadi msibani: "Mwalimu, kwa nini ninunue gazeti wakati magazeti yote nayapata bure kwenye grupu la WhatsApp kabla hata ya chai?" Wanaouliza ni watu wazima, wasomi, hapa hapa Bigwa, Morogoro. Kazi yangu ni kuhariri na kufundisha uandishi wa habari, na leo nalijibu kwa maandishi ili tulimalize.

Unachopata kwenye grupu si gazeti. Ni picha ya ukurasa wa mbele. Itazame vizuri kesho asubuhi. Utaona kichwa cha habari cha maneno manne au matano kwa herufi kubwa, picha moja, vichwa vidogo pembeni, na chini ya kila kimoja "Uk. 2", "Uk. 5", "Endelea uk. 4". Mambo yenyewe yako huko ulikoelekezwa, na huko hukufika. Tuseme kichwa kinasema "Wakulima wamlilia Waziri". Wakulima wa wapi? Wanalilia mbolea, bei au mpaka wa hifadhi? Waziri amejibu nini? Kichwa kimeandikwa ili utoe noti mfukoni, na mhariri amekikata kienee kwenye nafasi aliyobakiwa nayo. Anayesoma vichwa akajiona amesoma magazeti ni sawa na aliyesoma ubao wa vyakula kwa mama ntilie akaondoka akidai ameshiba.

Wengine hujitetea kwamba wanamsikiliza mtangazaji akipitia magazeti redioni. Naye husoma vichwa hivyo hivyo, aya moja au mbili, kisha anaongeza maoni yake. Ikifika saa nne, maoni yale yameshakuwa habari kijiweni Bigwa, na yakipanda gari la Matombo yanafika huko yakiwa na idadi ya majeruhi.

Tena picha hughushiwa kirahisi. Mtu anaiacha nembo ya gazeti, anaiacha tarehe, anabadilisha kichwa tu. Wahariri hulazimika kukanusha kurasa ambazo hawakuzichapa, na kanusho halifiki hata nusu ya magrupu yaliyopokea uongo. Kughushi habari kamili kuna kazi: ina jina la mwandishi, mahali, watu walionukuliwa na maelezo ya upande wa pili, na kila kimoja unaweza kukifuatilia. Na ukisambaza taarifa unayojua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inakusubiri: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Sasa hilo neno "bure". Gazeti la karatasi halikuwahi kuishi kwa noti ya msomaji peke yake. Liliishi kwa matangazo, na matangazo yamehama. Zabuni za serikali zilizokuwa zikijaza kurasa nzima, tangu 2023 zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Nafasi za kazi serikalini ziko kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Kampuni nyingi zinapeleka fedha Facebook, Instagram na Google. Gazeti likikonda, wa kwanza kukatwa ni mwandishi wa mkoani, ambaye mara nyingi hulipwa kwa habari iliyochapishwa na nauli anajitafutia. Mkoa wetu unaanzia Gairo hadi Malinyi. Nani atapanda Uluguru kuangalia misitu inayolisha Mto Ruvu, ambao maji yake yananywewa Dar es Salaam? Nani atakaa baraza la madiwani mpaka jioni, aulize fedha za barabara zimekwenda wapi? Grupu halijawahi kumtuma mtu huko hata siku moja. Grupu linasambaza kilichokwisha kugharamiwa na mwingine.

Msinielewe vibaya: siwaombi mrudi kwenye karatasi. Karatasi inapungua na itaendelea kupungua. Lakini msidhani simu haizimiki. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisimamisha kwa siku 30 leseni za huduma za mtandaoni za Mwananchi Communications, huku magazeti yake ya karatasi yakiendelea kutoka. Asiyetegemea njia moja hakosi habari.

Mfanye nini? Lipieni nakala ya kidijitali ya gazeti moja mnaloliamini. Hulipwa kwa simu. Ikiwa ni ghali, watu watano mchange mnunue la karatasi, lipite nyumba kwa nyumba. Nendeni Maktaba ya Mkoa mjini. Fungueni tovuti ya gazeti lenyewe, na msome maandishi kuliko kutazama video, bando litadumu. Redioni sikilizeni taarifa ya habari kamili, msiishie kwenye mapitio ya magazeti. Kabla ya kusambaza, tafuteni kichwa hicho kwenye ukurasa rasmi wa gazeti; msipokiona, futeni. Viongozi wa magrupu, pigeni marufuku ukurasa wa mbele usioambatana na habari yake.

Na mnaolalamika kwamba Bigwa haiandikwi: habari ya Bigwa inahitaji mtu, nauli na siku nzima ya kazi. Lazima mtu ailipie. Asipoilipia msomaji, ataigharamia mwanasiasa au mfanyabiashara, naye ndiye atakayechagua mnachokisoma.