Onyo Haliitakasi Picha

Swali hili huulizwa na watu wa kila umri, na huulizwa kana kwamba jibu limo ndani yake: "Nimeipata kashe, nimepiga picha ya pale ilipofichwa, na nitaandika onyo juu yake kwamba inafichua. Hapo kosa langu ni nini? Asiyetaka kuona asiangalie." Waulizaji wengi si wageni wa jiokashingi, mchezo wa kutafuta kwa GPS kopo lililofichwa, yaani kashe. Wanajua kusoma majiranukta, yaani latitudo na longitudo, wanatofautisha kashe ya kawaida na kashe ya fumbo, na wanajua kwamba kopo hurudishwa palepale lilipokutwa. Lakini wameshika imani moja isiyotaka kuwatoka, kwamba onyo linaitakasa picha. Haliitakasi, na kwa kuwa "hapana" tupu haijawahi kuwaridhisha, ni lazima jambo lenyewe lielezwe mpaka mwisho.

Tuanze na kile ambacho picha inakichukua. Mchezo huu ulizaliwa pale serikali ya Marekani ilipoacha kuzivuruga makusudi ishara za GPS kwa raia. Tarehe 2 Mei 2000 kosa la vipokezi, ambalo liliweza kufika mita 100, lilipungua kwa ghafla. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi ya plastiki karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake. Tangu siku ile satelaiti ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Zinamtoa mtafutaji nyumbani kwake, zinamvusha mitaa na mashamba, zinamfikisha. Anachobakiwa nacho binadamu ni kipande cha mwisho tu. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi, na chini ya miti au katikati ya maghorofa hukosea zaidi. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 5 lina eneo la karibu mita za mraba 78, na hapo bado hujaongeza kosa la kifaa cha mfichaji mwenyewe. Ndani ya duara hilo kunaweza kuwa na kopo la ukubwa wa kifundo cha kidole, lenye sumaku, limebandikwa chini ya chuma cha benchi. Kuinama, kukisia, kukosa, kurudi nyuma na kujiuliza "mimi ningeficha wapi?" yote hufanyika humo. Picha ya mahali penyewe haimsaidii mtu kufika, maana kufika alikwisha kufika. Inalifuta duara, na duara likifutika, kilichobaki ni matembezi yanayoongozwa na simu.

Sasa onyo. Wanaolitetea wanadhani mtu huliona kwanza, akalitafakari, ndipo akaamua kuitazama picha au kuiacha. Jicho halifuati utaratibu huo. Picha hufahamika kwa mkupuo mmoja, ilhali maneno husomwa moja baada ya jingine. Anayepitisha kidole kwenye skrini ya simu huwa amekwisha kuona kisiki, mzizi na rangi ya kopo kabla hajafika kwenye neno la pili la onyo. Hata ile picha ndogo ya kwenye orodha, ambayo mwekaji anaamini haionyeshi kitu, mara nyingi inatosha. Aliyesimama mbele ya daraja lenye nguzo sita anahitaji kujua nguzo ipi tu, na hilo huonekana hata katika picha ya ukubwa wa ukucha. Tena si kweli kwamba asiyetaka kufichuliwa anaweza kukaa mbali na taarifa za waliomtangulia. Kuzisoma ni sehemu ya kazi. Ndimo anamogundua kwamba watatu wa mwisho waliambulia patupu na huenda kashe imeibiwa, kwamba kijidaftari cha kusaini kilichomo ndani ya kopo kimelowa, kwamba njia imekatwa na mafuriko, kwamba kuna mzinga wa nyuki juu ya mti. Kumwambia afumbe macho ni kumnyima habari za usalama wake ili mtu mwingine apate nafasi ya kuonyesha picha. Na onyo halisafiri na picha. Picha ikichukuliwa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, au ikijitokeza kwenye matokeo ya utafutaji wa picha mtandaoni, maneno hubaki kule yalikoandikwa, na picha huendelea peke yake kuwafikia watu ambao hawakuonywa na yeyote.

Hapo huja hoja ambayo walau ina uzito: mbona dokezo lipo kwenye ukurasa wa kashe, na dokezo nalo linafichua? Ni kweli linafichua, lakini limeandikwa na mwenye kashe, kwa kipimo alichokitaka yeye, na limefungwa. Kwa desturi ya mchezo dokezo huandikwa kwa msimbo wa ROT13, ambao husogeza kila herufi nafasi 13: A inakuwa N, B inakuwa O, na kwa kuwa alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26, hatua ileile hufumba na hufumbua. Kama ulinzi, msimbo huu ni dhaifu kabisa. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuuvunja. Haukuwekwa kulinda siri. Uliwekwa ili kati ya mtu na jibu kuwe na kitendo cha hiari. Aliyekuwa na karatasi aliweza kufumbua herufi kwa herufi akasimama katikati, neno la kwanza likimtosha, akaendelea kutafuta kwa akili yake. Programu za simu hufumbua dokezo zima kwa mguso mmoja, na hiyo ni hasara kubwa kwa maoni yangu, ila mguso nao bado ni uamuzi. Picha haina nusu. Huwezi kuitazama kwa kiasi unachohitaji, na ukishaijua huwezi kurudi kwenye kutojua. Kufananisha dokezo lililofumbwa na mwenyewe na picha iliyoanikwa na mpita njia ni kuchanganya mambo mawili yasiyohusiana.

Watu wa lugha hii hawana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Anayetega kitendawili ndiye mwenye jibu. Wanaoshindwa hawaendi kuliokota kwa jirani. Wanampa mtegaji mji, naye akiridhika na mji aliopewa ndipo hufumbua mwenyewe. Anayeropoka jibu alilolisikia jana hukemewa, hata akitanguliza maneno "asiyetaka kusikia azibe masikio", kwa sababu amewanyang'anya watu wawili kwa mpigo mmoja: mtegaji haki yake ya kufumbua, na mtegewa haki yake ya kuhangaika. Mfichaji wa kashe yuko mahali pa mtegaji. Ameomba ruhusa ya mwenye ardhi, amechagua ufa wa jiwe, amelipaka kopo rangi ya gome la mti, kisha amekadiria ugumu wa kutafuta na ugumu wa ardhi kwa vipimo vya 1 hadi 5, vinavyopanda kwa nusu nusu. Picha moja huigeuza kashe ya ugumu wa 4 kuwa ya ugumu wa 1 huku namba 4 ikibaki pale pale ukurasani. Wapo wachezaji wanaojitahidi kukamilisha michanganyiko yote 81 ya vipimo hivyo viwili, na kwao namba iliyopoteza ukweli wake ni hasara halisi. Atakayesema "ni mchezo tu" aseme pia kwa nini basi anaucheza, kwani mchezo usio na kanuni hauna cha kuchezwa.

Inafaa kusema pia kwamba wengi hawajui ni picha zipi hasa zinazofichua. Wanadhani ni ile inayoonyesha shimo tu. Kopo lililowekwa kwenye kiganja, bila mandhari yoyote nyuma yake, linaweza kuwa fichuzi kupita zote, kwa sababu ujanja mara nyingi umo katika umbo na wala si katika mahali: boliti ya bandia, jiwe lenye uwazi ndani, msumari ambao kichwa chake hufunguka. Ukiwaonyesha watu boliti, hawatakuwa na haja ya kutafuta tena; watazihesabu boliti. Mandhari "nzuri tu" iliyopigwa mgongo ukiwa umeegemea mti wenye kashe humpa mtu makini mstari mnyoofu wa kurudi kwenye mti huohuo. Kwa kashe ya fumbo, ambayo majiranukta yaliyotangazwa si yale ya kopo, hatari imejificha ndani ya faili lenyewe, kwani simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya picha pasipo mpigaji kufahamu. Mtu ametumia juma zima kutatua fumbo la namba, na mwingine analisoma jibu kwenye taarifa za picha ya kijidaftari. Kashe za kijiolojia nazo, zisizo na kopo lolote na zinazopatikana kwa kujibu maswali juu ya miamba au maji, huharibiwa na picha ya kibao cha maelezo inayosomeka vizuri.

Pingamizi linalostahili heshima zaidi ni la mazingira. Wanasema, na hawasemi uongo, kwamba watafutaji wasioona kitu hukanyaga mimea, hugeuza mawe na kuacha njia mpya kwenye majani, kwa hiyo picha ingeokoa ardhi. Ardhi ni hoja ya kweli. Lakini anayejua kama ardhi ile ni dhaifu ni yule aliyeichagua na kuiombea ruhusa, na mlango wake uko wazi: anaweza kuweka picha fichuzi mwenyewe kwenye maelezo ya kashe, na wapo wafichaji wanaofanya hivyo kwa sababu hiyohiyo. Akiona watu wanaharibu, anaweza kuongeza dokezo, kuhamisha kopo au kuifunga kashe. Picha ya mpita njia haina ujuzi huo, na huchakaa. Majani hukua, kopo husogezwa kidogo kila linaporudishwa, kisiki huoza. Anayekuja baadaye akiwa na picha ya mwaka juzi huchimba kwa ujasiri pale picha inapomwonyesha, maana amekwisha kuamini kwamba hakuna pengine pa kutafuta. Asipokuta kitu, hukata shauri kwamba kashe imepotea, na wengine huacha kopo jipya la kufidia bila idhini ya mtu yeyote. Sasa mahali pamoja pana makopo mawili, na lile la kweli liko hatua mbili kando, zima kabisa, likisubiri. Kwa hiyo picha iliyodaiwa kupunguza uharibifu huongeza uhakika wa uongo, na uhakika wa uongo una mikono mizito kuliko shaka.

Wengine huwataja wasafiri. Mtu ametoka mbali, kashe katika nchi za Afrika Mashariki ni chache ukilinganisha na Ujerumani au Marekani, ana saa moja kabla ya basi. Kwa nini arudi mikono mitupu? Arudi mikono mitupu, aandike kwamba hakuipata, na taarifa hiyo itakuwa na manufaa kwa mwenye kashe kuliko ushindi wa kupewa. Au amwandikie mwenye kashe mapema, maana wafichaji wengi hufurahi kusaidia wanapoulizwa. Mahali penye kashe chache ndipo hasa kufichua kunapoumiza, kwa kuwa kopo likijulikana na watu wasio wachezaji na kubebwa, hakuna jingine karibu. Mwenye shida ya kutembea, ambaye pia hutajwa sana katika hoja hii, anachohitaji kujua ni kama atafika, na hilo hujibiwa na kipimo cha ardhi, ambacho 1 yake maana yake kiti cha magurudumu kinapita. Picha ya njia na lango itamfaa. Picha ya kopo haimwongezei hatua hata moja.

Yanayoruhusiwa ni mengi, na hayahitaji maelezo marefu. Piga picha ya bonde, ya bahari, ya wenzako, ya mbwa, ya mkahawa ulimokula baada ya kutafuta. Piga picha ya njia ilivyo ili wengine wajue hali yake. Geuka mbali na kashe, songa hatua kadhaa, ndipo upige. Zima uandishi wa mahali kwenye kamera, au ufute taarifa hizo kabla ya kutuma. Usitegemee tovuti ikufutie. Kopo likiwa limepasuka, picha mtumie mwenye kashe peke yake kwa ujumbe wa faragha. Kashe ikidai picha kama uthibitisho, jionyeshe wewe na mandhari, usionyeshe jibu. Ukiwa na shaka, uliza kwanza. Ukikosa majibu, usiweke. Ukiiona picha fichuzi ya mwingine, mwandikie kwa adabu, usiisambaze kwa kuilalamikia hadharani. Wewe mwenye kashe, mwombe aliyeiweka aiondoe kabla ya kutumia mamlaka yako ya kufuta taarifa yake, kwa sababu ukiifuta na hesabu yake ya kashe alizopata inapungua mpaka aandike upya. Na kama picha ya namna hiyo iko tayari chini ya jina lako, pamoja na onyo lake, ifute leo bila kusubiri kuombwa.