Pakacha la Mnywa Kahawa

Paukwa! Mkiitikia "Pakawa" naendelea. Mkinyamaza nakwenda zangu kulala.

Haya. Leo hadithi yangu haina sungura wala fisi. Idi inakaribia, mfukoni mna sarafu mbili tatu, na nyumbani kuna mtu ambaye asipopata kahawa yake ya alasiri hasemezeki. Huyo ndiye mnayetaka kumpa zawadi. Mjini, kwenye maduka wanakopita watalii, mtaona vikapu vimefungwa kwa utepe na karatasi ya kumeremeta: kahawa kidogo, kikombe kimoja, chokoleti mbili, na bei ya kukutoa machozi. Ukikifungua unakuta nusu ya kikapu ni karatasi za kujazia. Viacheni hapo hapo. Kahawa huku kwetu ni kinywaji cha barazani, cha kuuzwa kwa kikombe, na mambo yake yote yanapatikana sokoni kwa fedha za watoto, mradi muwe tayari kuchafuka mikono.

Kwanza fanyeni upelelezi. Mtazameni mnywaji wenu siku mbili tatu bila yeye kujua, muone anakunywaje. Maana wanywaji hawafanani.

Yupo babu wa baraza. Huyu hunywa kahawa chungu iliyochemka kwenye dele juu ya mkaa, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na sukari haithubutu kuingia humo. Utamu unakaa pembeni: kashata, tende, au kipande cha haluwa. Mkifika Mji Mkongwe wa Unguja, piteni Jaws Corner, ile njia panda iliyopewa jina la filamu ya papa, mtawaona wamekaa wakinywa hivyo huku wakicheza dhumna na kubishana siasa mpaka adhana iwainue.

Yupo na shangazi wa ofisini. Yeye hukoroga kijiko cha kahawa ya kuyeyuka ndani ya maziwa ya moto, sukari tatu. Huyo ukimpelekea kahawa ya kuchemsha itakaa kabatini hadi mende waanzishe familia. Mnunulieni kikopo cha Africafe, kahawa inayotengenezwa Bukoba, mwekee na kashata, mambo yamekwisha. Halafu yupo mjomba aliyekaa Maskati miaka mingi. Kahawa yake ni ya hiliki, pembeni tende, na akitosheka haneni neno, anatikisa finjani kidogo ili mmiminaji ajue. Namna hiyo ya kukirimu ilithaminiwa hata na UNESCO, ikaiorodhesha mwaka 2015 kuwa urithi wa Oman na majirani zake watatu wa Ghuba.

Mimi leo nawafundisha zawadi ya babu wa baraza, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ninayoijua vizuri.

Chombo chake ni pakacha. Mfuko wa plastiki hauna nafasi tena: Kenya iliupiga marufuku mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na hata kabla ya hapo haukuwa chombo cha kumpelekea mtu mzima. Mngojeni mkwezi anapoangua madafu, mwombeni kuti bichi alilolishusha. Kuti halina bei. Mwombeni mtu mzima akate kipande cha urefu wa mkono wako, kuanzia begani hadi ncha za vidole, kisha aupasue upongoo, ule mti wa katikati, kwa urefu wake. Panga si lenu. Sasa mnavyo vipande viwili, kila kimoja kina ukingo mgumu upande mmoja na majani yananing'inia upande wa pili.

Chukua kipande kimoja, punguza unene wa upongoo kwa kisu mpaka ukubali kupindika, uuzungushe uwe duara na ufunge pale ncha mbili zinapokutana. Huo ndio mdomo wa pakacha. Majani yote yanaelekea chini. Sasa jani moja moja lilaze upande, lipite juu ya jirani yake na chini ya anayefuata, juu, chini, ukizunguka duara lote. Mzunguko wa kwanza utalegea na utataka kutupa. Usitupe. Mzunguko wa pili huukaza wa kwanza. Ukishapata kimo cha shubiri moja hivi, kandamiza pande mbili zikutane chini, kisha suka ncha za majani ya pande zote mbili pamoja kwa mstari mmoja, kila hatua ukiokota jani jipya, kama msusi anavyookota nywele anaposuka twende kilioni. Mwisho piga fundo, ncha uichomeke ndani isionekane.

Pakacha lisukwe siku mbili tu kabla ya kutolewa. Kuti likikauka hunywea, na matundu yaliyokuwa hayapitishi kidole yanaanza kupitisha tende. Ndani tandikeni jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto kidogo ili lilainike lisipasuke, au kipande cha kanga kuukuu. Ninyi mnaokaa bara, mbali na minazi, msihangaike kutafuta kuti. Kikapu cha ukili au cha magome ya mgomba cha nyanya yenu, kikipanguswa vumbi, kinatosha kabisa.

Sasa kahawa yenyewe. Mwulizeni muuza viungo sokoni kama ana buni, yaani kahawa mbichi. Punje zake zina rangi ya kijani iliyopauka na hazina harufu ya kahawa hata kidogo. Mtu asiyezijua anaweza kudhani ni aina ya kunde. Ziko za jamii mbili. Kuna arabika, inayopenda miinuko ya baridi kama Kilimanjaro na Mbinga. Mlimani Kilimanjaro ilipandwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwaka 1898, na kufikia mwaka 1933 wakulima walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU. Kuna na robusta, ya Kagera, yenye ukali unaokamata ulimi. Kile kitu kinachomfanya babu akodoe macho hadi saa sita za usiku, kafeini, kimo ndani ya robusta karibu mara mbili ya kilivyo katika arabika. Na kwa kawaida robusta ndiyo ya bei nafuu. Kwa hiyo changanyeni: robusta kwa nguvu, arabika kidogo kwa harufu. Babu hatalalamika, na sarafu zenu zitabaki za kununulia karanga.

Ngojeni, kabla hatujawasha jiko niwaambie kitu kuhusu Kagera. Wahaya walikuwa na kahawa karne nyingi kabla ya kilimo cha Wazungu, ila hawakuinywa, waliitafuna. Matunda huchumwa yangali mabichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Mgeni akifika, kabla ya lolote anapewa punje za kutafuna, na hata leo mkienda Bukoba mtaziona zinauzwa. Sasa pasueni tunda moja la kahawa. Ndani mna punje mbili, zimekaa uso kwa uso, tumbo kwa tumbo. Zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja, walichanjana, wakapaka damu kwenye punje za tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu hapo ugomvi wa mmoja ulikuwa wa wote wawili. Ninyi msichanjane! Lakini mkimpelekea babu zawadi, mpelekeeni na punje mbili mbichi kwenye kikaratasi, mmwambie hadithi hii. Wazee wanapenda kuambiwa jambo wasilolijua, ingawa watasema walilijua zamani.

Nunueni robo kilo. Ikishakaangwa itabaki gramu 200 na kidogo, kwa sababu maji yatakuwa yametoka. Hata hivyo mtashangaa: uzito unapungua, huku punje zenyewe zinavimba. Tafuteni kikaango kizito, mwiko wa mti, na mtu mzima wa kukaa nanyi. Moto uwe wa wastani. Koroga bila kupumzika, maana punje moja ikiungua itanukisha zote. Kwanza punje zinageuka manjano na jikoni kunanuka majani makavu. Baadaye zinakuwa kahawia, moshi unaanza, na joto la punje likikaribia nyuzi 200 mtasikia: pa! pa! papa! Ni mvuke na hewa vinavunja punje kutoka ndani ili vipate kutoka. Anayependa kahawa nyepesi anaepua hapo. Babu wa baraza haipendi nyepesi. Endeleeni kukoroga dakika chache, mpaka punje ziwe karibu nyeusi na zianze kung'aa mafuta, kisha mimineni upesi kwenye ungo, mtoke nje mpepete. Ngozi nyembamba zitapeperuka na upepo. Msipepete ndani ya nyumba, mama atawafukuza pamoja na kahawa yenu.

Msiifungie siku hiyo. Kahawa iliyotoka motoni inaendelea kutoa hewa, na ukiibana kwenye mfuko, mfuko unavimba. Iacheni usiku mmoja kwenye bakuli, imefunikwa kwa kitambaa. Kesho yake itwangeni kwenye kinu na mchi, mchekeche, mrudie kutwanga chenga. Mnauliza kwa nini msinunue iliyokwisha kusagwa? Kwa sababu babu atajua. Kahawa ikishakuwa unga harufu yake inakimbia haraka, na iliyotwangwa jana inawasalimu majirani kabla hujafika mlangoni.

Viungo sasa. Hiliki ni ghali, kwenye mizani inashindwa bei na vitu vichache sana kama zafarani na vanila. Nunueni punje sita saba tu. Kazi kubwa ifanywe na tangawizi: ioshe, ikate vipande vyembamba, ianike kwenye jua mpaka ivunjike kwa sauti ukiikunja. Ongezeni kijiti cha mdalasini. Mimi karafuu siweki, inawameza wenzake, lakini najua nyumba za Pemba ambako nikisema hivi sitapewa kikombe.

Kashata ndiyo kazi mtakayoipenda. Kaangeni vikombe viwili vya karanga, mzimenye. Pakeni mafuta sinia na chupa au mchi wa kusukumia, viwe tayari kabla. Weka kikombe kimoja cha sukari kwenye sufuria, bila maji, moto mdogo. Itasinzia, itaanza kulowana pembeni, kisha itayeyuka yote na kuwa na rangi ya asali. Hapo hapo tia karanga na hiliki ya unga, geuza mara tatu nne, mimina, sukuma, kata. Mkichelewa itakuwa jiwe. Na mtu mzima ndiye anayemimina, kwa sababu sukari iliyoyeyuka ina moto kuliko maji yanayochemka, na ikikudondokea inang'ang'ania ngozi. Ninyi kateni, na vile vipande vya pembeni vilivyopinda ni mshahara wenu.

Unga wa kahawa tieni kwenye chupa ya jemu iliyochemshwa na kukauka kabisa, au kopo tupu lenye kifuniko kinachobana. Viungo vifungeni kwenye kipande cha kitambaa. Tende kumi na kashata ziviringeni kwa karatasi ya kaki. Kisha nendeni kwa wauza vyombo vya mitumba mchague vikombe viwili vidogo. Viwili, hata kama havifanani, kwa sababu mnywa kahawa hapendi kunywa peke yake, na kikombe kimoja ni kumwambia akae ndani. Wengine hupenda kuongeza kifurushi cha mkaa. Mimi simo, unachafua kanga.

Kwenye kadi msiandike maneno mengi ya mapenzi. Andikeni tarehe kahawa ilipokaangwa, na namna ya kuipika: maji vikombe vitatu yachemke na tangawizi, kahawa vijiko viwili vya kulia, moto mdogo dakika tano, iachwe ituame, imiminwe bila kutikisa dele. Babu anajua kupika kahawa tangu baba yenu hajazaliwa. Kadi ni ya yule mjukuu atakayeagizwa aipike.

Kwenye pakacha, chupa ikae chini katikati, vikombe viwili ubavuni vikiwa vimekingwa na tende zisigongane, kashata juu kabisa zisipondeke. Pelekeni baada ya sala ya alasiri, wakati barazani wameshakaa. "Shikamoo babu" ianze, zawadi ifuate. Atafungua chupa, atanusa, halafu atawauliza ni nani aliyekaanga. Kila mmoja wenu atasema ni yeye.

Na kile kinu, mchi na ungo mlivyoazima kwa jirani virudishwe kabla ya magharibi, vimeoshwa, kinu kisibaki na harufu kwa sababu kesho yeye atatwanga kisamvu. Kwenye ungo mwekeeni kahawa kiganja kimoja na kashata mbili. Msipoweka, mwaka ujao mtatafuta ungo mtaa wa pili.