Hatari ya kutoboa zege changa ili kufunga bolti

ZEGE likishakanyagika, wengi hudhani kuwa liko tayari kwa kazi yoyote. Dhana hiyo huwaponza waashi wanaotoboa sakafu mpya ili kufunga nguzo za chuma, ngazi au mnara wa tangi la maji.

Mchanganyiko huo wa saruji, mchanga, kokoto na maji hauwi mgumu kwa kukauka tu. Saruji huungana na maji kikemikali, na kazi hiyo huendelea kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu za zege baada ya siku 28. Katika siku ya saba, kwa kawaida huwa limefikia takriban theluthi mbili pekee ya nguvu hizo. Penye baridi, kama nyanda za juu mwezi wa Julai, huchelewa zaidi.

Bolti za kutanuka ndizo huathirika upesi. Nati inapokazwa, bolti hutanuka na kusukuma kuta za tundu. Zege changa haliwezi kuhimili msukumo huo. Hupasuka au kumeguka. Ufa unaweza kubaki ndani bila kuonekana, na bolti ikaonekana imeshika barabara hadi siku itakapobeba mzigo. Tangi la lita 5,000 likijaa, maji pekee huwa na uzani wa tani tano.

Bolti za gundi nazo zina masharti yake. Unyevu ulio katika zege changa unaweza kuzuia gundi kushika sawasawa. Nchini Marekani, kanuni za Taasisi ya Zege (ACI) za mwaka wa 2011 zilitaka zege liwe na umri usiopungua siku 21 kabla ya kutiwa bolti za aina hiyo.

Je, bolti zaweza kuchomekwa zege likiwa bado majimaji? Njia hiyo pia haifai. Huacha mianya ya hewa kandokando ya bolti, na bolti yenyewe huweza kuinama au kuzama.

Njia bora ni kuzipanga kabla ya kumwaga zege. Bolti zilizokunjwa ncha hupitishwa kwenye ubao uliotobolewa kwa vipimo vya kitako cha nguzo, kisha hufungwa imara kwenye nondo. Zege humwagwa na kushindiliwa kwa uangalifu pande zote. Hata hivyo, mzigo haupaswi kuwekwa mara moja.

Ikiwa zege limekwisha kumwagwa, ni vyema kulinyunyizia maji kwa angalau siku saba, kisha kungoja zitimie siku 28 kabla ya kutoboa. Vumbi liondolewe tunduni na maagizo ya mtengenezaji wa bolti yafuatwe. Kwa mzigo wowote unaoweza kumwangukia mtu, uamuzi wa mwisho ni wa mhandisi.